Swali Moja Katikati ya Kata

Ndugu zangu, leo nimeshuhudia mtu akimkana baba yake ili apate mkanda mweusi.

Ni Salimu wa Pongwe, mwenzangu wa mazoezi. Mtihani ulifanyika katika ukumbi wetu wa Mabawa, kwa mtindo wa karate wa Shotokan, unaotaka msimamo mrefu na wa chini.

Alianza kata, ule mfululizo wa mapigo na misimamo unaopimwa, vizuri mno. (Nilikuwa ninayemfuata kwenye foleni, hivyo niliona yote.)

Katikati, miguu yake ikarudia mazoea: msimamo mfupi, vidole vimeelekea ndani. Huo ni mtindo wa Goju-ryu, aliofundishwa na baba yake tangu utotoni.

Mtahini akamsimamisha.

"Nani amekufundisha takataka hizi?"

Watu wakacheka. Baba yake, Mzee Bakari, alikuwa ameketi mstari wa mbele, kanzu imenyooshwa kwa ajili ya siku hii.

Semeni kweli, ninyi mngejibuje pale?

Salimu hakumtazama baba yake.

"Hakuna, Sensei. Niliiga tu kwenye simu."

"Afadhali. Ya simu hufutika."

Akaruhusiwa kurudia, akafaulu.

Mlangoni, mzee alimpa mwanawe mkono kwa adabu zote.

"Hongera, kijana. Wasalimie wazazi wako."