Ndege za Plastiki Anazozificha Jocelyne

Saa tano asubuhi, pembeni mwa soko moja mjini Mbarara, Jocelyne Nyirabizimana anapuliza vumbi kwenye bawa la ndege ya kivita. Ndege yenyewe inaenea kiganjani. Ni ya plastiki, rangi yake ya majani makavu, na chini ya mabawa yamening'inia mabomu madogo kama punje za mpunga.

"Mama, hii ndiyo nilikuwa natafuta," anasema mteja wake, sajenti wa kambi ya jeshi ya Makenke aliyekuja bila sare. "Ile ya chuma iko bei kali sana. Hii naweza."

Analipa, anaondoka ameishika kwa mikono miwili. Jocelyne hamsindikizi hata kwa macho. Ameona wanawake wawili wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wakija upande wake, na tayari amevuta kitenge juu ya ndege zilizobaki. Mezani vinaonekana vikombe na sahani tu.

"Mama Bénédicte, vikombe vinatoka?"

"Vinatoka, tunamushukuru Mungu."

Havitoki. Kinachotoka ni kilicho chini ya kitenge.

Jocelyne, mkimbizi wa miaka thelathini na minane kutoka Kivu Kusini, anaishi Kashojwa, humo humo Nakivale, na binti yake Bénédicte. Alianza na vyombo vya mitumba. Siku moja, ndani ya mzigo aliochukua Kampala, alikuta ndege tatu, moja mkia umekatika. Akaubandika kwa gundi. Daktari mmoja wa meno akazibeba zote na kuuliza nyingine ziko wapi.

Wateja wake ni watu wazima: askari, walimu, madaktari, wanaozipanga kabatini sebuleni. Hawana muda wa kupaka rangi wenyewe, na rangi za kazi hiyo hazipatikani mjini. Wanataka iliyokwisha pakwa, ya kuunganisha bawa na mwili basi, kwa bei ya mtu wa mshahara wa kawaida. Shilingi elfu thelathini, elfu arobaini. Zikifika Jumatano, Ijumaa zimekwisha.

Biashara hiyo ndiyo inayomsomesha Bénédicte. Ndiyo pia inayomfanya Jocelyne aketi benchi la nyuma kanisani.

"Mimi nilikimbia ndege," anasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, sauti imeshuka. "Tulikuwa na ng'ombe kule mulimani. Ikapita, ikarudi. Batu mingi balikufa fasi ile. Leo ndege ndiyo inanilisha. Nitamuelezea nani?"

Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Madeleine, mke wa mzee Gakwaya. Gakwaya ni shemasi, mtu wa kofia na fimbo, anayeheshimiwa Kashojwa nzima. Nyumba yake inapakana na ya Jocelyne.

Msimu wa mvua uliopita, mteja alimrudishia Jocelyne ndege yenye bawa lililovunjika. Akaenda nayo nyumbani, akaibandika, akaitundika kwa uzi mlangoni ikauke mbali na kuku. Alasiri hiyo Gakwaya akaja kurudisha ungo. Upepo ukaizungusha ndege ikamwelekea.

Mzee alijitupa chini. Alilala kifudifudi kwenye tope, mikono juu ya kichwa, kofia yake imebingirika hadi kwenye mfereji. Wanawake waliokuwa bombani wakacheka.

"Nimeteleza," akasema alipoinuka.

"Pole, baba. Hapa panateleza sana," Jocelyne akajibu, huku akiichomoa ndege na kuificha mgongoni.

Alijua mzee ameiona. Mzee alijua kwamba anajua.

"Angalinitukana ningalipona," anasema. "Aliokota kofia yake, akaniaga vizuri."

Tangu siku hiyo Jocelyne akawa anazunguka nyuma ya vyoo ili asipite mlangoni pa jirani yake. Akaacha kwa muda kwenda kanisani. Bénédicte alipomuuliza kulikoni, akasingizia mgongo. Hatimaye, Jumapili moja baada ya ibada, akaifunga ndege ile ndani ya khanga, akaenda kwa mzee. Gakwaya alikuwa akichambua maharage. Jocelyne akaketi chini.

"Baba, siku ile haukuteleza."

"Najua."

"Ni mimi niliitundika. Ndiyo kazi yangu. Si vikombe."

Mzee akanyoosha mkono. Akaipokea ndege, akaipimapima kiganjani.

"Iko nyepesi hivi?" akauliza. Kisha: "Na benye kuinunua, banaifanyia nini?"

"Banaiweka mukabati, baba. Banaangalia."

"Banaangalia tu?"

"Banaangalia tu."

Alipoirudisha, hakumtazama. "Mutoto asome," akasema. "Lakini Madeleine alikupenda. Ungeniambia."

Jocelyne anasimulia hayo akiwa ameinamisha uso. Gakwaya hakumwambia mtu. Kina mama wa bombani mpaka leo wanamtania mzee kwa kuteleza, naye anawaachia wacheke.

Hilo ndilo Jocelyne analotaka kulimaliza. Anatafuta pembe ya chumba cha mshonaji mjini Mbarara, ili ndege yoyote isilale tena Nakivale. Halafu atasimama mbele ya kina mama wa kanisa awaambie anachouza, na kwa nini mzee alianguka.

Bénédicte ameshaambiwa. Aliuliza swali moja: "Mama, ile iliyopita juu yetu, unaiuza?"

Jocelyne anaijua ile ndege kwa umbo la mabawa yake. Ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Daktari wa meno ameahidi kuongeza bei akiletewa.

"Namuambia haipatikani. Kumbe Kampala zimejaa," anasema. "Lakini mutoto nilimujibu hapana. Nataka hiyo hapana ibakie kweli."