Rivolva ya Magnum na Risasi Ndogo za Mama Wanjiru

Kilichonitoa nyumbani Jumamosi ile ni rivolva. Kwa miaka sita nilikuwa nikipiga shabaha kwa bastola ya klabu, ya kuazima, na hatimaye kibali cha kumiliki yangu kikatoka. Nikachagua magnum, ile ya risasi ndefu zenye kishindo kikubwa. Sisi tuliotoka kando ya Ziwa hatupendi vitu vya nusunusu, na mimi ni mwalimu wa fizikia mwenye suti tatu na maoni juu ya kila jambo. Lakini sheria ya klabu haina mchezo: kabla hujaenda nayo nyumbani, uipige mbele ya mkufunzi kule Timboroa, na risasi tano kati ya sita ziingie kwenye duara jeusi. Ukishindwa, inabaki kwenye kabati lao la chuma hadi mwaka ujao. Nami nilikuwa nimeshawatangazia walimu wote.

Saa mbili asubuhi nilikuwa duka la silaha mjini Eldoret kuichukua. Muuzaji, mtu mpole asiyependa ubishi, aliweka maboksi mawili juu ya kaunta. Moja lilikuwa la risasi za magnum, ndefu. La pili lilikuwa la zile wanazoziita thelathini na nane, fupi kidogo na zenye baruti kidogo, lakini unene ni ule ule.

"Mwalimu, hii yako inakubali zote mbili," alisema. "Hizi ndogo ni za practice. Hizo kubwa utapiga ukishazoea."

"Bastola imeandikwa nini?"

"Magnum."

"Basi nipe magnum."

Alinifungia boksi moja, nami nikatoka kifua mbele.

Saa tatu nilishika barabara ya Nakuru, rivolva ikiwa nyuma ya pikapu ndani ya sanduku lenye kufuli, risasi zikiwa mbali nayo. Pale Burnt Forest magunia ya viazi yalikuwa yamepangwa kando ya lami, na kutoka hapo barabara ikazidi kupanda. Timboroa haingoji ufungue mlango wa gari. Baridi inakuwa imeshaingia mifukoni.

Uwanja wa shabaha uko kwenye machimbo ya zamani ya mawe, karibu na msitu. Mkufunzi wa bastola kubwa ni Mama Wanjiru, mkulima wa viazi ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri. Alinipokea akiwa na gambuti zenye udongo wa shamba. Nakiri nilijiuliza moyoni, huyu atanifundisha nini?

Saa nne na nusu nilipiga sita za kwanza. Mlio uligonga mawe ukarudi kifuani kwangu, na kiganja kikauma hadi kwenye kiwiko. Duara lilikuwa na tundu moja. Fahari wawili hawakai zizi moja, na siku ile fahari tulikuwa mimi na magnum, zizi likiwa kiganja changu.

"Mwalimu, huo ukuta wa mawe umeukomesha," alisema Kibet, mwanachama mwenzetu anayefanya kazi benki.

"Lete," alisema Mama Wanjiru. Akanipa mgongo, akaijaza mwenyewe, akanirudishia. "Piga."

Ya kwanza ililia. Ya pili ikafanya tik tu, lakini mdomo wa bastola uliinama chini mbele ya macho ya watu wote. Alikuwa amechanganya risasi na maganda matupu.

"Umeona? Haijalia, na wewe umeshaisukuma chini. Unaogopa kishindo."

"Siogopi, Mama."

"Mkono wako unaogopa. Wewe sijui."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile ya mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni.

"Zile ndogo umebeba?" aliuliza. Nikasema sikubeba. Hakucheka. Aliingia stoo akaja na boksi lake. "Hata yangu ni magnum, Mwalimu. Kubwa mimi hupiga chache tu, kukumbusha mkono. Shamba halilimwi lote siku moja."

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nilizipokea, nikapiga polepole, boksi karibu lote. Kila mara aliniwekea ganda tupu mahali nisipojua. Kufikia adhuhuri, bastola ilifanya tik na mdomo wake haukutikisika.

Saa nane ulikuwa mtihani. Sheria inakuruhusu kuchagua risasi. Maboksi mawili yalikuwa mezani, na Kibet na wenzake walikuwa wamesimama nyuma yangu.

"Utapiga na gani?" aliuliza Mama Wanjiru kwa sauti.

Nilitamani ile ndefu. Wallahi niliitamani.

"Ndogo," nikasema, kwa sauti ninayotumia darasani. Mtu akakohoa.

Nilipiga sita. Tukatembea hadi kwenye karatasi ya shabaha. Tano zilikuwa ndani. Ya sita ilikuwa nje ya mstari, upana wa ukucha.

"Zinatosha," alisema Mama Wanjiru, akanipa kitabu cha uwanja. Mahali pa kuandika risasi iliyotumika niliandika thelathini na nane, kwa herufi za ubaoni.

Kabla sijaondoka alinisimamia nikisugua matundu ya silinda kwa brashi, kwa sababu risasi fupi huacha masizi pale ambapo ndefu inatakiwa kukaa.

Saa kumi na moja jioni niliingia Eldoret nikiwa na rivolva yangu, halali. Niliifungia kwenye sefu, risasi nikazifungia kwingine. Nilichojifunza ni kwamba mkono hufundishika kwa kishindo unachokimudu, na mwenye mkono hufundishika vivyo hivyo. Mke wangu Akinyi alikuwa akingoja sebuleni.

"Haya, tuambie. Magnum inapigwa aje?"

"Sijui bado," nikasema.

Aliweka kikombe chini akanitazama. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yetu hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Nami nililisema nikiwa nimeinua shingo.