Wenye Kwato na Wenye Kucha

Mimi nina hasira za karibu, na watoto wa Mlali walizijua kabla hawajaijua alifu. Nilisoma kidogo shule ya serikali ya Mjerumani pale Morogoro mjini, kisha nikarudi kwetu chini ya milima nikafungua chuo barazani. Asubuhi Kurani, jua likishapanda, wanyama. Hilo la wanyama nililibuni mwenyewe, nikajiona bingwa kweli.

Watoto walichimba udongo mtoni wakafinyanga kila mnyama wanayemjua, halafu wakawapanga: wenye kwato huku, wenye kucha na vidole kule, wenye mbawa pembeni, watambaao mwisho. Kisha nawauliza nani analiwa. Wenye kwato ruhusa, ila nguruwe na punda. Wenye kucha haramu.

"Na sungura je, Mwalimu?" akauliza binti mmoja wa miaka kama saba, mdogo kuliko wote na mwenye maswali kuliko wote.

"Sungura ruhusa. Sababu utaijua ukikua. Kaa chini!"

Tena nilikuwa na mchezo wa kuwatega. Naingia na uso mkavu, nasema, "Leo paka analiwa." Atakayeitikia, fimbo. Yule binti sikumnasa hata siku moja. Alikuwa akitabasamu tu na kutikisa kichwa, nami moyoni nampenda kupita kiasi.

Jambo moja sikuwaambia: kwamba mtu akishikwa na njaa ya kufa, haramu humhalalikia. Nilijua vizuri. Ila nilisema, nikiwafungulia mlango huo wadogo hawa, kesho kila mmoja ana njaa ya kufa. Nikaliacha mpaka wakue.

Vikaja vita vya Wajerumani na Waingereza. Askari wakapita nyumba kwa nyumba wakakomba mahindi, wakakomba mbuzi, hata mbegu. Wanaume wakaswagwa kwenda kubeba mizigo, baba yake yule binti akiwemo. Mimi mguu wangu mbovu uliniokoa. Tukala mizizi, tukala majani. Chuo kikafa chenyewe, maana watoto hawakuwa na nguvu ya kuja.

Siku moja mama yake yule binti akasimama mlangoni kwangu. "Mwalimu, njoo nyumbani. Mtoto hataki kula."

Jirani mtegaji alikuwa amemgawia paja la nyani. Wadogo zake wawili walikwisha kula. Yeye aliuliza swali moja tu: ana kwato au ana vidole? Na mama, masikini, hakujua kudanganya.

Nilimkuta mkekani, miguu imevimba, uso umebaki macho. Akataka kuinuka anipe shikamoo. Nikamzuia.

"Mwanangu, kula. Mwenye njaa kama yako ameruhusiwa."

"Hata nyani?"

"Hata nyani."

Akatabasamu, akatikisa kichwa. "Unanitega, Mwalimu."

"Sikutegi! Wallahi sikutegi!"

"Ndivyo unavyosemaga."

Nilimbembeleza. Nilimega kinofu nikakiweka kinywani mwangu mbele yake, nikatafuna, nikameza, aone. Akacheka kwa shida, akasema hata hivyo hatanaswa. Basi nikakasirika, Mungu anisamehe, nikampigia kelele kama nilivyozoea, "Kula, we mtoto!" Machozi yakamtoka, lakini mdomo akaufumba. Mama yake akajaribu kumnywesha mchuzi. Akautema, akaomba maji asukutue. Nikatoka nje nikalia kando ya ukuta, mtu mzima mimi.

Alikufa siku ya pili yake, kabla jua halijapanda. Nimefundisha watoto wengi baadaye, nimewasahau wengi, na yeye hanitoki. Angekuwa mjinga kidogo tu angeishi. Mjinga angenikubalia.

Tuliomzika tulikuwa wanaume wanne, wote wazee au vilema. Tuliporudi, wenzangu wakaaga upesi, wanajua nyumba ile haina kitu. Mimi nikabaki, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka mama yake anitukane. Hakunitukana. Aliingia ndani akatoka na bakuli, akaliweka mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na fungu la nyani la mwanawe, alilomwekea na kulikausha juu ya moto, akitumaini.

"Karibu, Mwalimu," akasema.

Siku mbili zile, ila kile kinofu, sikuwa nimetia kitu tumboni. Nikanawa mikono, nikala lote, na lilikuwa tamu.