Akina Mama wa Magunzi

Jumamosi moja hivi karibuni niliwapeleka wanangu kwenye bustani ya watoto iliyofunguliwa pembeni mwa mji wa Kahama, upande wa Buzwagi. Huenda umeisikia, au mwanao amekwisha kukusumbua nayo kama wangu walivyonisumbua mimi. Ni uwanja mpana uliozungushiwa ukuta wenye picha za herufi na wanyama, na ndani yake kuna mji mzima wa kimo cha mtoto: duka, zahanati, benki, kituo cha mafuta, hata jiko lenye sufuria za plastiki. Mtoto akiingia anaulizwa leo anataka kuwa nani, anavikwa kofia au koti, anaanza kazi.

Binti yangu, anayesoma chekechea, alichagua udaktari, na baada ya muda mfupi alikuwa anawadunga sindano za mbao watoto asiowajua. Mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza ameanza kukimbia bila kuanguka, alikataa kofia. Alikaa chini katikati ya barabara iliyochorwa sakafuni, akawa anasukuma kigari kutoka dukani hadi zahanati, kutoka zahanati hadi dukani, huku ananong'ona peke yake. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Harufu ya udongo uliolowa ikaingia mlangoni, ikanikuta nimeegemea nguzo, na kwa kitambo sikuwa Kahama tena.

Binti alikuja kunipima homa. Akaniuliza, "Mama, wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unaenda bustani gani?"

"Ya bibi yangu."

"Ilikuwa na bembea?"

"Haikuwa na bembea."

Alinitazama kwa huruma, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kwa hiyo yaliyobaki nakueleza wewe.

Nilikulia kwa bibi, mama yake mama, nje kidogo ya Ushirombo. Mama na wanawake wengine wa jirani walikuwa wanaponda mawe mwaloni, mahali wachimbaji walipopeleka mawe yao kusagwa na kuoshwa ili watoe dhahabu. Siku hizo mashine zilikuwa chache na mikono ilikuwa mingi. Waliondoka alfajiri wakiwa na nyundo zao na chakula kwenye vikapu, na kila mmoja njiani alipita kwa bibi kumwacha mtoto. Bibi alikuwa na mguu mmoja uliovimba kila akitembea mbali, hivyo yeye ndiye aliyebaki nyumbani, na sisi tukabaki naye. Wengine walikuwa bado wananyonya, wengine wanatambaa, na sisi wakubwa tulikuwa hatujafika umri wa kwenda shule.

Asubuhi zilianza kwa kilio. Mtoto mmoja akiamka asimwone mama yake, analia, na wenzake wanamfuata kama mbwa wanaobwekeana. Bibi alitunywesha uji wa mtama wenye karanga zilizotwangwa, akatupangusa makamasi kwa upindo wa khanga yake, lakini swali lilikuwa lilelile siku nzima: mama yuko wapi? Ukimwambia mtoto mdogo kwamba mama yuko mwaloni, umemwambia neno tu. Hakujui huko mwaloni. Hajui kama ni karibu au ni mwisho wa dunia.

Ndipo bibi alipoanza kujenga. Alituma wakubwa walete udongo wa kichuguu, akaukanda kwa maji na majivu, na nyuma ya jiko, mahali palipokuwa na kivuli hadi mchana, akafinyanga nyumba yetu, kubwa kama chungu cha mboga. Halafu za majirani. Halafu zizi la ng'ombe, kisima, kanisa la misheni, gulio. Kati ya vyote akachora njia kwa kijiti, akaipigapiga kwa kiganja hadi ikawa ngumu. Mwisho wa njia akamwaga kokoto, akasema, "Hapa ndipo mwaloni. Mnaona? Si mbali."

Kisha akawatengeneza akina mama. Kila mmoja alikuwa gunzi la hindi, amefungwa kipande cha kitambaa kilichotoka kwenye nguo yake halisi. Mama yangu alikuwa wa bluu yenye maua. Mama wa nyumba ya pili alikuwa wa njano. Jirani yetu wa karibu, mama aliyekuwa na binti mdogo kuliko mimi, mwenye macho makubwa na maneno machache, alikuwa wa rangi ya chungwa, na kitambaa chake kilikuwa bado kinanukia moshi wa jiko lao.

Tangu hapo asubuhi zikabadilika. Mama zetu wakishapotea kwenye kona, kila mtoto anachukua gunzi lake kutoka kwenye nyumba ya udongo, analitembeza njiani, analipitisha kisimani, linawasalimu wenzake, linafika kwenye kokoto, linaanza kazi. Wale wanaotambaa walitambaa nayo. Siku za utulivu ungeweza kusikia kutoka mbali, nyuma ya miti, mlio wa nyundo, ko, ko, ko, na sisi tukiwa tumechuchumaa tunagonga kokoto zetu kuufuata. Hapo ndipo nilipojifunza rangi, na kuhesabu, na kwamba kutoka gulio kwenda misheni unapinda mkono wa kulia. Mchana tulikula ugali na mlenda, au michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, tukalala mkekani tumepangana kama samaki. Jua likianza kuinama, bibi alisema, "Haya, kawachukueni." Kila mmoja akakimbilia mwaloni kumrudisha mama yake nyumbani. Tukimaliza kuwaingiza ndani, tukiinua macho, mara nyingi tuliwaona wale wa kweli wakija, weupe kwa vumbi la mawe hadi kwenye kope.

Mimi niliamini kabisa kwamba sisi ndio tuliokuwa tunawaleta.

Halafu ikatokea rashi upande wa Buseresere. Neno hilo lilikuwa la kila siku kwetu: mtu amepata dhahabu mahali, habari inakimbia, na kufikia kesho yake mahema yamejaa. Yule jirani, mama wa rangi ya chungwa, hakuwa na mume, na kazi ya mwaloni ilikuwa imepungua. Alimleta mtoto wake asubuhi kama kawaida, lakini hakuwa na nyundo. Alikuwa na mzigo kichwani.

"Mama, nakuachia huyu," alimwambia bibi. "Nakwenda kupika chakula cha wachimbaji. Sikai. Mtama ukianza kuvunwa nitakuwa nimerudi."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nitamwambiaje, mama? Atalia."

"Mwambie," bibi alisema. "Kulia ni haki yake."

Akapiga magoti, akamwambia. Mtoto hakulia. Alichukua gunzi la rangi ya chungwa, akalipeleka mwaloni pamoja na ya kwetu. Jioni alilirudisha, akaliingiza ndani, akakaa mlangoni kwa bibi akingoja. Wote walikuja. Wake hakuja. Kesho yake alifanya vilevile, na keshokutwa. Halafu siku moja jua lilipoinama hakwenda kulichukua. Aliliacha kwenye kokoto, akakataa ugali, akakataa maziwa, akageukia ukuta.

Bibi alikaa naye hadi giza likaingia. Asubuhi alituita wote. Alimwambia yule mtoto, akimwita mayu, kama wanavyomwita mtoto wa kike kwetu hata akiwa bado ananyonya, "Mayu, tulikosea. Mama yako hayuko hapa mwaloni. Yuko mbali zaidi. Twende tumjengee huko aliko."

Tukarefusha njia. Tuliipitisha nyuma ya banda la kuku, tukaizungusha kwenye jiwe la kusagia, tukaipandisha kwenye kilima cha majivu, hadi kwenye ua wa minyaa mwisho kabisa wa uwanja. Kazi hiyo ilituchukua siku nyingi, maana wadogo walikuwa wanaikanyaga. Pale minyaani bibi akatengeneza vibanda vya majani na jiko la mafiga. Mtoto akalitembeza gunzi lake hadi huko, peke yake, polepole, akalikalisha kando ya mafiga. Alirudi amechoka. Akala.

Mtama ukavunwa. Mama yake hakuonekana. Simu hazikuwepo kwetu wakati huo. Habari ilikuja kwa midomo, na kila mdomo ulikuwa na yake. Mmoja alisema ameolewa huko. Mwingine alisema kuna shimo limeanguka, na hakumalizia alipoona tunasikiliza. Ndipo akaja baba mdogo wa yule mtoto, kutoka Maswa, na baiskeli. Alikuwa mtu mpole. Alimwamkia bibi, akanywa maziwa, akasema ukoo umekaa na kuona mtoto akalelewe kwao.

"Mama yake alisema anarudi," bibi alimwambia.

"Mama, alisema zamani."

"Aliniambia mimi mwenyewe. Ngoja mvua zikatike. Njia zina matope, utamchukuaje mtoto kwenye baiskeli?"

Yule bwana alitazama mbingu, akatazama mguu wa bibi. Alikubali. Akasema atarudi mvua zikikatika, na sauti yake ilionyesha kwamba mara hiyo hatangoja.

Sijui kama umewahi kuomba mvua iendelee. Mimi niliomba. Ilinyesha mpaka kijiji chetu cha udongo kikawa uji, kanisa likalala ubavu, njia ikapotea. Kila ilipoanuka, bibi alitoka akiburuta mguu, na kitu cha kwanza alichorudishia kilikuwa ile njia ndefu ya kwenda minyaani. Nyumba yetu wenyewe ilikaa bila paa.

Kisha mvua zikakatika. Mchana mmoja mweupe, kuku wamejilaza vumbini, sufuria ya maharage inatokota, alisimama mwanamke penye uwazi wa ua. Alikuwa amekonda, amenyolewa nywele, na nguo aliyovaa sikuwahi kuiona. Nilidhani ni mgeni.

"Hodi," alisema.

Bibi alishika ukuta, akasimama. "Karibu, mwanangu. Kaa. Kaa hapa mkekani."

Alikuwa ameugua. Alilala wiki na wiki kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anauza uji kwenye machimbo, mtu asiyekuwa hata ndugu yake, na alipoweza kusimama alianza kurudi, mara kwa lori, mara kwa miguu. Haya tuliyasikia baadaye. Wakati ule alichoweza kufanya ni kunyoosha mikono kwa mwanawe.

"Mwanangu. Ni mimi."

Mtoto alijificha nyuma yangu. Nilihisi vidole vyake vimekamata gauni langu. Mwanamke akataka kuinuka amfuate, bibi akamwekea mkono begani.

"Usimvute. Tulia hapo."

Yule mtoto aliniachia. Alipita pembeni, mbali na mkeka, akaenda moja kwa moja minyaani. Akachuchumaa, akaliokota gunzi la rangi ya chungwa, ambalo kitambaa chake kilikuwa kimepauka kwa jua. Akaanza safari. Alishuka nalo kilima cha majivu. Akazunguka jiwe la kusagia. Kwenye banda la kuku alisimama, kuku apite. Sisi wengine tulimfuata nyuma, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alilifikisha mwaloni, likawasalimu wenzake. Alilifikisha kisimani, akaliinamisha, likanywa maji kwa muda mrefu, kama mtu aliyetoka mbali. Akapita gulio, akapinda, akapita misheni. Mama yake alikuwa anatazama yote hayo machozi yakimtiririka, na bado alitulia alivyoambiwa.

Mtoto akaliingiza gunzi nyumbani kwake. Akapangusa mikono kwenye gauni. Ndipo akageuka, akaja hadi mkekani, akamtazama yule mwanamke usoni.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, mwanangu."

Akakaa kwenye mapaja yake. Baba mdogo alipokuja na baiskeli, alikuta wanapukuchua karanga pamoja. Alikaa nao kidogo, akamwachia mtoto sukari guru, akaondoka.

Bibi alifariki nikiwa mbali masomoni. Uwanja wake sasa umejengwa vyumba vya kupangisha, na pale nyuma ya jiko vijana wanaosha pikipiki. Kisima kimefukiwa. Mawe yanasagwa na makarasha yanayounguruma mchana kutwa, na ukisimama Ushirombo leo utege sikio, mlio ule wa nyundo huupati. Watoto wangu wanajua zahanati na benki na kituo cha mafuta. Hawajui ninapofanyia kazi panafananaje.

Usiku ule baada ya bustani nilimpigia simu mama yangu, ambaye bado anaishi hukohuko. Nilimuuliza kama anakumbuka magunzi.

"Tulikuwa tunajua," akasema. "Bibi yenu alituambia. Mikono ikishakufa ganzi, jua likiinama, kuna mmoja wetu alikuwa anainua kichwa, anasema, jamani, wanatuchukua sasa. Basi tunaweka nyundo chini. Hata kama kiroba hakijajaa."

"Mliamini?"

"Mwanangu, tulikuwa tumechoka sana. Mtu akija kukuchukua, unakwenda."