Nimemtoa beki, kumbe mama yake yuko nyuma yangu

Jamani, kabla hujamponda mchezaji dukani, geuka kwanza.

Leo mchana nilikuwa dukani hapa Chang'ombe nanunua mkate, huku nabishana kwenye simu na rafiki yangu Juma kuhusu vikosi vyetu vya fantasi, ule mchezo wa simu ambapo unachagua wachezaji wa ligi na kupata pointi wakicheza vizuri.

Timu yetu ya hapa mjini imefungwa tena. Tunanukia kushuka daraja, na mimi hata chakula hakipiti.

Nikasema kwa sauti, "Yule beki wa kushoto ananikosesha pointi kila wiki. Nimeshamtoa."

Mama mmoja mwenye kikapu akanigusa bega.

"Baba, huyo uliyemtoa ni mwanangu."

Nikakata simu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimetoka Kondoa asubuhi kuja kumwona. Tangu wafungwe, hali chakula vizuri. Sasa kocha akiona mnamtoa, si atamweka benchi?"

Nikamweleza kwamba huu ni mchezo wa kwenye simu tu, kocha haangalii.

"Mnaomtoa ni wengi?"

Nikamrudisha palepale, anaona.

"Na nahodha ni nani?"

Nikamwambia nahodha pointi zake huhesabiwa mara mbili. Akaweka kidole kwenye jina la mwanawe.

Basi, beki ndiye nahodha wangu.

Jumamosi tunacheza na vinara wa ligi. Mama ameniomba nikae naye jukwaani, maana hajawahi kuingia uwanjani na anaogopa kutazama peke yake.

Hajui kwamba na mimi naogopa.

Nyie mngefanyaje?