Bibi Aliyebaki Kwenye Benchi

Jumapili iliyopita nilikuwa likizo kijijini kwetu Ngara, nikaenda misa ya kwanza. Usinisifu. Shangazi ndiye aliyenivuta shuka. Ulipofika wakati wa kukomunika, kanisa zima likainuka kwenye foleni, wazee kwa vijana, na mabenchi yakabaki matupu kama sahani za watoto wenye njaa. Nikajikuta nageuka kumtafuta mtu mmoja ambaye lazima angekuwa amekaa. Hayupo, na najua hayupo, lakini shingo iligeuka yenyewe. Tangu hapo padre alisali na kutangaza na kubariki, mimi nipo darasa la nne.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama alikuwa Rusumo mpakani akiwapikia madereva wa malori, anakuja mara mojamoja na mkate na haraka. Kwa bibi kulikuwa na moshi wa kuni, harufu ya ndizi zilizofukiwa shimoni zikisubiri kukamuliwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kazi zisizoisha. Nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na mwalimu akadhani siogi. Jioni ilikuwa rozari. Nikisinzia kwenye tendo la pili, bibi alinifinya bila kuruka neno hata moja la Salamu Maria. Mpaka leo sijaona kipaji kama kile.

Sasa mtu wa rozari namna hiyo alikuwa hakomuniki. Foleni ikianza, yeye anakaa, mikono mapajani, anatazama mbele. Wengine walinong'ona kwamba ana dhambi kubwa, na mimi nilipomtazama jinsi alivyo mzee nilishindwa kukisia ni dhambi ipi angeiweza.

Kumbe ilikuwa mbuzi. Mbuzi wa jirani alikata kamba, akaja uani akala mbegu za maharage ambazo bibi alizianika kwenye mkeka, akamaliza. Bibi alipoenda kulalamika, jirani akamjibu kisimani, mbele ya wanawake wote: "Mbuzi wangu hajui njia ya kwako. Labda umezila mwenyewe ukasahau, mama, uzee huo." Msimu ule bibi alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba mbegu. Na jirani? Kila Jumapili alikuwa kwenye kwaya, sauti ya kwanza, na kwenye foleni alikuwa wa mbele.

Mwalimu wa katekisimu, aliyetufundisha "sakalamenti saba" na kutuchapa tukizitaja vilevile, alikuja nyumbani kumsihi.

"Mama, nenda kaungame, yaishe."

"Nikamwambie padre najuta, wakati sijuti?"

"Basi msamehe."

"Ego, ndiyo, nitamsamehe. Siku nitakapokuwa nimemsamehe."

Mwalimu akanywa rubisi yake, akaondoka amechoka kuliko alivyokuja.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Mwaka ule nilikuwa napokea Komunyo ya kwanza, na kwetu mtoto hapelekwi mbele kama mbuzi wa mnada. Mzazi anatembea nyuma yake, mkono begani, wanapokea pamoja. Mama alishatuma habari kwamba hatapata nafasi. Amebaki bibi. Bibi asipoinuka, mimi ningekwenda peke yangu na shati jeupe la kuazima lililonifika magotini. Nikamwendea jikoni na ushauri wangu wa kitaalamu.

"Bibi, si umsamehe ya uongo, Jumapili moja tu? Jumatatu mnaendelea kugombana."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mwana wanje, Mungu si mwenyekiti wa kijiji, umpe maneno mazuri arudi kwake ameridhika."

Nilikasirika. Wenzangu walikuwa na bibi wanaodanganya vizuri tu.

Siku ikafika. Jina langu likaitwa, nikainuka. Halafu nikahisi mkono begani, mgumu, una harufu ya moshi. Bibi alikuwa nyuma yangu! Kanisa zima likageuka. Tukafika mbele, nikapokea, na nikasahau kusema "Amina" kwa sababu nilikuwa nachungulia nyuma. Bibi alikunja mikono kifuani, akainamisha kichwa. Padre akasita kidogo, akambariki tu. Bibi hakupokea. Amenisindikiza njia yote, na mwishoni hakudanganya.

Kwenye kwaya, sauti ya kwanza ikakatika katikati ya wimbo.

Mchana jirani alikuja kwetu na kikapu cha maharage kichwani. Hakukaa.

"Ni mbuzi wangu, mama. Nilimwona akirudi na kamba imekatika. Nilijua tangu siku ile."

"Nilijua kwamba unajua," bibi akasema. "Kaa."

Akaleta kibuyu kimoja na mrija mmoja. Kwetu mrija mmoja si ubahili wa mirija. Humpi mtu ambaye unaogopa mate yake. Wakanywa, wakapokezana. Nikajua yamekwisha, nikaanza kuwatangazia watoto wenzangu.

Jumapili iliyofuata bibi akabaki amekaa! Na jirani naye amekaa, benchi lilelile, kwaya imemkosa. Nilitaka kulia. Nikamuuliza bibi njiani, akasema, "Nimekunywa naye. Moyo bado unakuja, wenyewe unatembea kwa miguu." Nami darasa la nne nielewe nini hapo? Aliyesema uongo alipokea miezi yote akiimba, na aliyesema ukweli alikaa kama mkosaji. Tuliporudia sakramenti ya upatanisho, nilimwuliza mwalimu wa katekisimu. Akaniambia nikariri jibu la kitabu.

Jumapili hiyo iliyopita, baada ya misa, nilitembea na jirani. Amezeeka, siku hizi nambebea kikapu. Nikamwuliza kama bibi aliwahi kupokea kabla hajafariki.

"Hukujua? Ulikuwa shule Biharamulo. Jumapili ya mvua tu, watu wachache. Aliinuka, akanivuta kanga, tukaenda."

"Alisema nini?"

"Alisema tuwahi, maharage yapo motoni."

Migomba ya bibi imekatwa, wajomba wamepanda parachichi. Rubisi inanywewa kwenye vikombe vya plastiki, kila mtu na chake, usafi oyee. Hakuna anayekaa tena kwenye benchi, na wala hakuna wa kumwuliza kwa nini amekaa. Labda siku hizi sote ni wema. Inawezekana.

Shuleni kuna mwenzangu wa bweni moja aliyenizushia jambo, nami nimemwambia kila mtu kwamba nimemsamehe, hata yeye. Jumapili foleni ikifika kwenye benchi letu, ninainuka nusu, goti moja linakwenda, la pili linangoja, na aliye nyuma yangu ananinong'oneza: "Kaka, unaenda au huendi?"

Namwambia apite kwanza.