Mama wa Kwenye Daftari Langu

Leo jirani amepiga pasi ya mkaa, na ile harufu ya nguo yenye unyevu ikanirudisha utotoni, mtaa wa Mabanga, kwenye nyumba yetu ya mbao. Mpangaji wetu, mwanaume asiyesema mengi, alikuwa akipiga pasi shati lake, nami namsomea mama redaksyo, insha yangu ya shule. Nilikuwa nimetunga habari ya mtu aliyekimbia vita, akamwacha mama yake mzee kando ya barabara ya Kibati na kumwambia, “Ningojee hapa.”

Pasi ikasimama. Shati likaanza kutoa moshi.

“Nani alikuambia ile maneno?” mpangaji aliuliza.

“Hakuna mutu, Papa. Nilitunga.”

Alimtupia mama jicho baya, kana kwamba ndiye aliyetoa siri yake. Mama naye akanigeukia. “Ulifungua valizi yake ya nguo? Ulisikiliza kwa mulango?”

Niliapa, lakini hakuna aliyeniamini. Siku tatu nzima mpangaji alipita uani bila kutusalimia, na kila alipotoka alivuta kufuli la chumba chake mara mbili.

Siku ya nne, asubuhi, alinikuta naosha vyombo, akachuchumaa mbele yangu.

“Ile mama ya mu daftari yako,” alisema polepole, “mutoto wake alirudia kumutafuta?”

Nilimtazama usoni, nikihofia ananitega.

“Alirudia,” nikasema.

“Akamukuta?”

“Sijaandika bado.”

“Andika kwamba alimukuta,” alisema, na asubuhi hiyo hiyo akashika njia kwenda kumtafuta mama yake.